Dharura Haijazinduliwa

Ilitangazwa kwa furaha kubwa kwamba huduma ya dharura ya meno, ya kisasa na ya aina yake, ingezinduliwa siku ya Jumatano na Mheshimiwa mwenyewe. Ili kulinda hadhi ya tukio hilo, chumba cha zamani cha kung'olea meno kilifungwa mapema, na wananchi wakaombwa kwa unyenyekevu wasiumwe kwanza.

Wengi walitii. Aliyekaidi ni msusi mmoja aliyepewa jina la Redio, kwa kuwa tangu afungue saluni yake hakuna aliyewahi kumsikia akinyamaza. Jumatatu gego lake la chini lilianza kupwita. Kufikia Jumatano asubuhi shavu lilikuwa limefura kama la mtu aliyetia chungwa mdomoni akalisahau, na kila alichosema kilitoka kama sauti ya mtu aliyejifunika ndoo. Katika ukoo mzima, aliyekuwa bado akimwelewa ni wifi yake tu, maana ndiye aliyekuwa akimkanda. Basi wifi akamshika mkono, haoo hospitalini.

Mlangoni walimkuta Mkurugenzi amevaa suti mpya, ananyoosha utepe mwekundu uliokatiza njia.

"Shikamoo, Mkurugenzi. Wifi yangu huyu ana dharura."

"Marahaba. Dharura haijazinduliwa," alijibu kwa upole. "Mkiingia sasa hivi mtakuwa mmeingia kwenye jengo tu."

Redio akanguruma.

"Anasemaje?"

"Anasema amemwona daktari dirishani, amekaa bure."

"Hajakaa bure. Yuko katika hali ya utayari."

Kweli, daktari wa meno alikuwa humo ndani, koti limepigwa pasi, amesimama kando ya kiti ambacho hakijavuliwa nailoni. Alimtazama Redio kwa huruma ya mtu aliyekatazwa.

Redio akajibwaga kwenye benchi. Maumivu yalikuwa yameshapanda hadi sikioni, na bendi ilipoanza kufanya mazoezi, kila pigo la ngoma lilimtua tayani. Alitamani kulia, ila kulia kulitaka kufungua mdomo.

Mheshimiwa alichelewa kwa kiasi kinacholingana na cheo chake. Akakata utepe. Mkurugenzi akamnong'oneza kwamba wananchi bado wanaogopa sindano ya ganzi. Mheshimiwa, ambaye hakuwahi kuiacha kamera ikae bila kazi, akapanda kwenye kiti.

"Nichome mimi! Waone kama inauma!"

"Mheshimiwa, una uhakika?" daktari akauliza.

"Mheshimiwa huwa na uhakika," Mkurugenzi akamkumbusha.

Akachomwa, akapunga mkono, akapigiwa makofi, akatoka nje kuhutubia.

"Nnngu mmanannshi," alianza. Mate yakamtiririka hadi kwenye tai.

Hakuna aliyecheka. Waliotaka kucheka walikohoa. Mkurugenzi, ambaye katika utumishi wake wote hakuwahi kukiri kwamba hakumwelewa mkubwa, alilowa jasho shati zima.

"Jamani, kuna anayemwelewa?"

"Mimi nimezoea," wifi alisema.

Akapewa kipaza sauti. Mheshimiwa akatamka jambo refu huku akigonga kidole kwenye karatasi zake.

"Anasema hotuba ni ndefu mno, haisomi tena," wifi akatafsiri. "Mgonjwa wa kwanza aingie."

Makofi. Mheshimiwa akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Anasema hapana kuchelewa. Yule pale mwenye shavu."

Mheshimiwa akapiga mguu chini, akanguruma.

"Anasema Mkurugenzi mwenyewe amshike mkono, asije akaanguka."

Maagizo ni maagizo. Mkurugenzi akamshika.

Daktari alifanya kazi haraka, kama mtu anayehofia utepe utarudishwa. Mdomo ukiwa umekufa ganzi, Redio alimsikia wifi yake huko nje akiendelea: chumba hiki kisifungwe tena hata kwa sherehe, bendi inyamaze, watu wanaumwa. Kila agizo lilipigiwa makofi, na Mkurugenzi ndiye aliyekuwa akianzisha. Kisha gego likalia kwaa, likatoka. Redio akajikuta analia machozi, safari hii mdomo wazi, bila kumwogopa mtu.

Ganzi ilimtoka Mheshimiwa alasiri. Kufikia hapo alikuwa ameshapongezwa mno kiasi cha kushindwa kukana hata neno moja. Mkurugenzi alimshukuru mara ya mwisho kwa hotuba iliyogusa mioyo.

"Gari langu liko wapi?" Mheshimiwa akauliza. Ndiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza kueleweka siku ile.

Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya saluni. Dereva alimfungulia Redio mlango, akamsaidia kushuka, kisha akamgeukia wifi.

"Na mzee je? Nimrudie saa ngapi?"

"Usihangaike," wifi akasema. "Amesema leo atatembea, awe karibu na wananchi."

Redio, pamba mdomoni, akatikisa kichwa kukubali.