Usukani wa Lango la Kumi na Nne

Jumatatu, 8 Julai
Nina miaka themanini na moja. Nimewazika wenyeviti sita wa bodi ya mfereji, mbwa tisa, na daktari aliyenikataza soseji. Miaka hamsini na mbili nimefungua Lango la Kumi na Nne la mfereji kwa mikono hii. Jimbo zima la Alberta, hapa Kanada, hakuna anayelijua kama mimi. Sasa wameliwekea mota na antena ya kupokea maagizo! Ijumaa bodi inapiga kura kung'oa usukani wa mkono. Usukani wangu! Injinia wao, Marlys, kaniambia kwa upole: babu, kapumzike. Nipumzike? Nitamwonyesha. Mawasiliano yakikatika, lango litakuwa kipofu.

Jumanne, 9 Julai
Nimeizungushia antena mabati manne ya ghala la zamani. Kibao juu: KIOTA CHA BUNDI, USISUMBUE. Akili hiyo! Nikakaa juu ya ndoo na kahawa yangu, nangoja maafa. Hayakuja. Lango likanguruma, likapanda unene wa kidole, likatulia. Maji yakabaki kwenye alama nyekundu niliyopaka ukingoni zamani, kama yamechorwa. Nani alikuwa analiambia la kufanya?

Jumatano, 10 Julai
Nimempigia Marlys. Kijanja: eti rafiki yangu anauliza lango likikosa mawasiliano hufanyaje. Akasema mtandao huku hukatika kila siku. Kwa hiyo kila ujumbe hubeba maagizo ya saa sita mbele. Ukipotea unaofuata, lango linashika yale liliyonayo. Ukipenya mmoja kati ya kumi, unatosha. Na linasogea kidogo kidogo, maana maji huchukua dakika arobaini kufika chini. Mwenye pupa huharibu.

Ni kama marehemu mke wangu Olha. Akienda kwa dada yake aliniachia pirogi, vile viandazi vya kuchemsha vyenye viazi ndani, za siku tatu kwenye friza, kila mfuko na siku yake. Nikamshukuru Marlys. Mimi!

Halafu Marlys akasema nimsalimie bundi.

Alhamisi, 11 Julai
Nimezima mota. Nimeshika usukani mwenyewe, waone mtu anavyofanya kazi. Garth Dyck, jirani wa chini ya mfereji mwenye shamba la viazi, anayenicheka tangu mwaka nyuki waliponifukuza, angenipa habari kwa simu. Akasema maji machache. Nikazungusha mara tatu. Bado machache. Tatu tena. Simu ikakatika. Nikaongeza nne za tahadhari.

Simu ikarudi na kelele: viazi vyangu vinaogelea, wewe mzee kichwa maji! Nikafunga lote. Baadaye akalia kwamba mfereji umekauka, samaki wanarukaruka topeni. Nikafungua. Akauliza kama nimelewa. Mpaka saa nane maji yanapanda na kushuka kama bembea.

Marlys akaja. Hakunigombeza. Akaondoa mabati, akawasha mota. Lango likasogea kidole. Likangoja. Kidole tena. Likangoja. Kabla ya chakula cha jioni maji yamelala kwenye alama nyekundu. Nikavua kofia. Garth naye akavua yake, na hata kanisani haivui.

Ijumaa, 12 Julai
Kura saba kwa sifuri. Ya saba ni ya shemeji yangu! Usukani wamenipa, umepigiliwa juu ya ubao wenye jina langu. Nimesimama mbele ya watu nikasema kweli: lile lango ni ajabu, halioni, halisikii vizuri, na halibabaiki. Wakapiga makofi. Machozi yalikuwa ya vitunguu vya pirogi.

Jumamosi, 13 Julai
Nimetafakari. Nilikosea kitu kimoja tu. Mabati manne ni machache, ndiyo maana ujumbe mmoja kati ya kumi ulipenya. Ghalani yamebaki kumi na mawili. Na usukani nimeshaung'oa ubaoni. Unaingia palepale langoni, nimejaribu.

Anayedhani natia chumvi amuulize Garth Dyck, aliyelowa mpaka mapajani. Au Marlys, ana namba zote kwenye kompyuta yake. Bundi yuko upande wangu.