Jibu la Serikali kwa Watu wa Ng'ambo ya Mto Wanaotaka Kujitenga

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kata, Waheshimiwa Wajumbe, wazee wetu, mama zetu, na hasa wewe Mama Mkunga uliyetuandikia barua: kwanza naomba radhi kwa kimya cha miaka tisa. Hatukuwadharau, tulikuwa katika mchakato. (Mtu anakohoa nyuma.)

Mliuliza: je, Hati ya Kuasisi Taifa inawaruhusu kujitenga, ili nchi jirani iwajengee zahanati, kwa kuwa hivi sasa wajawazito wenu wanavushwa mto juu ya mlango wa kabati? Swali fupi, ndugu zangu, halistahili jibu fupi. Mimi, Mkurugenzi wa Tafsiri, niliunda kamati, kamati ikazaa kamati ndogo, nayo, kwa ufanisi wa asilimia mia moja na nne, ikaendesha semina tatu kuhusu maana ya neno mto. (Sauti: "Mlango wenyewe umepasuka!") Nimeupokea mpasuko huo; utaingizwa katika mpango mkakati.

Jumanne iliyopita tulivunja kufuli la kabati la chuma linalotunza Hati, ambayo kwa heshima hakuna aliyewahi kuifungua. Najivunia kutangaza kwamba hamna kifungu kinachoruhusu kujitenga. (Miguno.) Wala kinachokataza. (Makofi.) Ndani mna karatasi moja tu: orodha ya mahudhurio. Waasisi walitia saini mahudhurio, wakapiga picha, wakaenda kula, na Hati yenyewe ikabaki bila kuandikwa. (Kicheko kirefu.)

Tulieni! Serikali hii inaheshimu sheria: aliyetia saini ndiye taifa. Waliotia saini ni wazee saba, wote wa ng'ambo hii yenu. Upande wa serikali pameandikwa, "Wametoa udhuru."

(Mama Mkunga anasimama: "Kwa hiyo, mwanangu, miaka yote hii taifa ni sisi?") Kitaalamu, Mama, ndiyo. ("Na wewe je?") Kitaalamu, Mama, mgeni.

Basi, umoja juu! Maendeleo juu zaidi! Nawashukuru kwa kutukaribisha nchini mwenu, na kwa unyenyekevu nawasilisha barua yetu ya kuomba kujiunga.

(Mama Mkunga anaipokea barua, anaikunja mara nne. "Tumeipokea, mwanangu. Ipo katika mchakato. Tukishaamua, tutawaandikia. Haya, mlango wa kukuvusha ule pale.")