Mbinu Zangu za Kumpata Honorable Sikuli

Goma, Jumatatu tarehe 8 Julai 2024

Nimechaguliwa! Si kwa kura hasa. Katika mkutano wa chama chetu cha wakine, sisi tunaofundisha viungo vilivyoumia kufanya kazi tena, nilinyoosha mkono kabla swali halijaisha. Jambo lenyewe: magoti ya bandia tuliyopewa msaada yamekwama katika ghala la mpakani. Yanatozwa kodi kama vyombo vya plastiki. Kama mabeseni! Na kule kambini Kanyaruchinya watu waliokatwa mguu kwa sababu ya mabomu wanangoja. Mbunge wetu, Honorable Élodie Sikuli, yuko mjini kwa likizo ya bunge. Nitamshika mimi, Habarurema.

Gisèle, mwenzangu wa hospitali, akauliza tutamwomba afanye nini hasa. Swali la ajabu. Atusaidie, basi! Wajumbe wakampa naye kazi ileile. Nimetabasamu kwa shida.

Jumatano tarehe 10 Julai

Mbinu ya kwanza: fanfare. Nimewachukua wapiga tarumbeta wa parokia mpaka mlangoni kwa Honorable. Wimbo wa harusi, wenye nguvu. Kumbe mle ndani kulikuwa na matanga ya shangazi yake! Muzee mmoja alitoka, akaniuliza kwa upole sana furaha yangu inatoka wapi. Mpiga ngoma alikimbia wa kwanza.

Gisèle yeye alimpigia simu Florent, msaidizi wa Honorable. Akatoa pole. Akaomba randevu ya kuonana naye baada ya mazishi. Hana moto kabisa, mama huyu.

Ijumaa tarehe 12 Julai

Nimemaliza memorandumu. Inaanza na goti katika Misri ya kale. Ni nzito kama tofali. Florent aliipokea kwa mikono miwili, akauliza kama kuna fupi. Nikampa nyongeza.

Karatasi ya Gisèle ni moja, nayo haikujaa. Nimemwonea huruma.

Jumapili tarehe 14 Julai

Misa. Nimekaa nyuma ya Honorable, mahali nilipolinda tangu misa ya kwanza. Padri aliposema tupeane amani, nikaushika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili nikasema: Amani ya Kristo, na pia magoti! Sikumwachia. Kwaya ikaanza wimbo mwingine, bado nimemshika. Akanitazama kwa huruma.

“Papa, kama magoti inakuuma, ikala tu. Mungu ataelewa.”

Nikakaa. Sikusimama tena hata kwa baraka, maana walinzi wake walikuwa wananiangalia.

Jumanne tarehe 16 Julai

Randevu! Gisèle amekuja na mama Dative, aliyekuwa akiuza maharagwe katika soko la mji wa Kiwanja kabla ya vita kumfikisha Kanyaruchinya. Mguu wake ulikatwa juu ya goti. Njiani Gisèle alimwambia aseme anachotaka mwenyewe, na kama hataki kuongea habari za bomu, asiongee. Hasara iliyoje! Nikamvuta mama pembeni, nikamfundisha: nikikohoa, alie.

Kwenye biro, ofisini kwa Honorable, kulikuwa na vumbi. Nimekohoa tangu mlangoni. Mama Dative alinitazama, akamgeukia Honorable, akaomba niletewe maji.

Halafu akasema, akiwa ameegemea magongo yake: “Honorable, sikukuja kuomba huruma. Huruma ninayo mingi, watu wanaileta kila siku. Nakuja kuomba goti ipite mupaka. Nikisimama, nitauza. Nikiuza, batoto bangu batasoma.”

Kikohozi changu kilikatika.

Honorable akauliza: “Sasa munataka nifanye nini?”

Nilifungua mdomo ili nianze na Misri. Gisèle akatangulia. Mambo mawili, alisema. La kwanza, swali la maandishi kwa waziri, sasa hivi. La pili, Septemba bajeti ikijadiliwa, mstari mmoja uongezwe: viungo vya bandia visilipiwe kodi. Mstari wenyewe alikuwa ameuandika. Honorable akauliza Serikali itapoteza kiasi gani. Mimi ningetaja namba yoyote, ili mradi ni kubwa! Gisèle akasema hajui, ataleta jibu kesho asubuhi.

Kusema hujui, mbele ya mbunge! Nilidhani tumekwisha. Lakini Honorable alikaa vizuri kwenye kiti, akachukua kalamu. Tangu hapo alimsikiliza Gisèle kama mtu anayemsikiliza daktari wake.

Sipendi kuandika haya. Lilikuwa jambo zuri kuliona.

Alhamisi tarehe 18 Julai

Jibu lilifika jana asubuhi, kama alivyoahidi. Leo Gisèle amekwenda pia kwa Honorable mwingine, Benny, wa chama pinzani! Nimemwambia huo ni usaliti. Akasema Benny yumo katika kamati ya fedha, na mguu uliokatwa hauna chama. Akampigia Florent kumshukuru. Florent! Mimi namshukuru mtu wa juu, si wa mlangoni.

Ijumaa tarehe 23 Agosti

Waziri amejibu swali la Honorable. Magoti yametoka kwa ruhusa ya muda, na ule mstari utaingia bungeni wote wawili wakiutetea, Élodie na Benny. Leo mama Dative amesimama kati ya vyuma vya mazoezi. Akaachia mkono mmoja. Akaachia wa pili. Akapiga hatua, akatukana kidogo kwa Kinyarwanda, akapiga nyingine. Wagonjwa wakapiga makofi wakiwa vitandani. Gisèle alikuwa amechuchumaa mbele yake, mikono wazi, bila kumgusa. Nimefanya kazi hii miaka mingi, sijaona kine kama yule. Nililia, nikatoka nje.

Gisèle anasema sasa kilichobaki ni kuandika asante, na kufuatilia kikao cha Septemba kwa subira. Subira! Ruhusa ni ya muda tu, na waziri mwenyewe bado hanijui. Ila nimepata habari nzuri: mama mkwe wa waziri amefika Goma kwa harusi, na mgongo unamsumbua vibaya. Mimi sikualikwa. Kesho naingia harusini na mafuta ya kukanda.