Safari Yangu ya Baracoa, Kupitia Wadi Kabir

Jumapili, 14 Septemba
Mzee Khattab katangaza barazani kuwa bintiye Kawthar hamwozi kwa mtu asiyetembea dunia. Binamu yangu Zahor akarukia: yeye kafika Lisbon! Ulimi wangu ukanitangulia. Nikasema Jumatano nakwenda Baracoa, mji mkongwe wa pwani, kule Cuba. Nauli sina. Lakini Kawthar alinitazama, na kwa mtazamo ule ningesema hata mwezini.

Jumatano, 17 Septemba
Mama kanifukiza udi, kanisomea dua, akabaki mlangoni analia. Mtaa wetu mzima wa Qurum umeniaga. Nikapanda teksi mpaka Wadi Kabir, mtaa wa magereji wa mji huu huu, chumba juu ya gereji. Feni haizunguki.

Ijumaa, 19 Septemba
Nimejipiga picha penye ukuta uliobambuka rangi. Nikaituma: mtaa wa kale, Baracoa. Kawthar kajibu kwa maua matatu. Zahor kauliza mbona nyuma yangu kuna gari limefunguliwa injini. Hasidi! Nikamjibu Cuba ni nchi ya magari makuukuu.

Jumamosi, 20 Septemba
Bahati iliyoje! Taarifa ya habari: kimbunga kinaelekea Cuba. Nimezima simu. Mwanamme aliyeokoka kimbunga, nani atamnyima mke?

Jumatatu, 22 Septemba
Njaa. Mafundi wakanambia kuna watu wanagawa pilau ya sadaka msikitini. Nikapanga foleni, kofia mpaka kwenye nyusi. Pilau ikanukia ya kwetu. Kumbe ni ya kwetu. Mama anapakua, macho yamemvimba, na Mzee Khattab anampa sahani. Kila anayepokea, Mama anamwomba amwombee mwanawe Marhoon, ndiye mimi, aliyepotelea Cuba. Kurudi nyuma haiwezekani, foleni imenibana. Nikapokea. Nikaitikia amin.

Sauti yangu Mama anaijua. Kanikumbatia, kanizaba kofi, kanikumbatia tena. Nimeona haya, wallahi. Kisha akaniongeza nyama. Mzee Khattab kaichukua sahani yangu, kampa aliyekuwa nyuma yangu.

Ijumaa, 3 Oktoba
Zahor kaposa. Kakubaliwa. Fungate watakwenda Baracoa, Kawthar mwenyewe ndiye aliyechagua. Nimelia chooni, bomba nimelifungua Mama asisikie.

Baada ya Isha nikamwandikia Zahor, kwa wema tu: wachukue viatu vya raba, vichochoro vya kule vinateleza. Hajajibu. Inamuuma kuwa mimi nilitangulia kufika.