Choo cha Treni ya Bonde la Tsuzura

Kamati ya Mkoa ya Kuchagua Treni Inayofaa ina furaha kuutangazia umma kwamba treni inayofaa imepatikana, na kwamba haina choo.

Najua maneno hayatakosekana. Lakini mimi, Katibu Nishiura, nilikuwepo, na uamuzi ulikuwa wa kitaalamu mtupu. Treni mbili za mwisho zilifanana kwa kila kitu, ila pale moja ilipokuwa na choo, nyingine ilikuwa na chumba cha chai chenye mikeka na dirisha la kutazamia milima. Gavana Hatakenaka akauliza, "Mtalii atapiga picha wapi, chooni?" Hoja ikapita.

Aliyepinga ni Bi Shigeno peke yake, bibi anayepanda treni ya bonde kwenda kliniki ya moyo mjini, mwendo wa karibu saa mbili. "Daktari kanipa dawa ya kukojoa," aliwaambia wakubwa bila haya. "Bila choo, kliniki siendi. Nisipoenda, ndiyo mnanizika hivyo."

"Maoni yamepokelewa," akajibu Gavana. Kwetu, mtu akishaambiwa hivyo, huchukua mwavuli wake akaenda zake.

Siku ya uzinduzi, ndani ya chumba hicho cha chai, Gavana alikunywa chai na kila mwenyekiti wa kijiji, maana kukataa kikombe ni utovu wa adabu. Katikati ya msitu treni ikasimama. Paa walikuwa wamelala relini, hawana haraka.

"Fungua mlango, kijana," Gavana akamwambia dereva.

"Siwezi, Mheshimiwa. Kanuni inakataza kufungua nje ya stesheni. Muhuri uliogongwa ni wako."

Akidi ya Kamati ilikuwemo garini, kwa hiyo tukafanya kikao cha dharura na kupitisha choo kwa kauli moja. Gavana, miguu ameibana, akauliza kitakuwa tayari lini. Nikamjulisha: mwaka ujao wa fedha.

Ndipo Bi Shigeno, aliyekuwa akienda kliniki yake, akafungua kifurushi chake na kutoa nepi ya watu wazima.

"Chukua, mwanangu. Usione aibu, mimi yangu nimeivaa tangu nyumbani."

Gavana akaipokea kwa mikono miwili, akaenda nayo nyuma ya pazia la chumba cha chai. Aliporudi, Bi Shigeno alimuuliza kama inambana. Akasema haimbani. Kisha, mbele ya waandishi wote wa habari, akainama kumshukuru, taratibu sana, na sote tukaisikia plastiki ikichakarika.