Mimi Si Ng'ombe wa Sita

Kwa Mzee Danieli,
Kalenga, Iringa.
11 Julai 1956

Bwana Meneja wa Kampuni ya Malori, Mbeya,

Baada ya heshima nyingi, na nikitumaini kwamba wewe na wote wa nyumbani mwako mnaendelea vizuri na baridi hii, naomba ruhusa nilete malalamiko yangu. Mimi ni Isakwisa Mwandemele, seremala wa hapo Mbeya, ambaye katika karatasi zenu sasa ni ng'ombe. Sitaki ugomvi. Ninachotaka ni kurudishwa katika hali ya mtu, kwa utaratibu uleule uliotumika kunitoa.

1. Tarehe 7 Juni nilifika ofisini kwenu nikitaka kwenda Iringa kumwoa Tekla, binti wa Mzee Danieli. Harusi ilikuwa tarehe 23. Nilimkuta Bwana Jailos, karani wenu msaidizi, ambaye kazi yake, kama alivyonieleza kwa fahari, ni kubadili aina ya kitu kisichoingia katika fomu mpaka kiingie. Asubuhi hiyo alikuwa amekwisha badili cherehani kuwa jembe, na jeneza kuwa kabati. Akaniambia, "Bwana, nafasi za abiria zimejaa, lakini za mizigo zipo. Ngoja nikubadili." Nilikubali, na kosa hilo ni langu. Nikapandishwa kwenye mizani, nikaandikwa: mzigo mmoja, ratili 142. Jina langu halikuandikwa, kwa kuwa fomu ya mizigo haina mahali pa jina la mzigo, ila la mpokeaji. Mpokeaji akawa mkwe wangu.

2. Safari yenyewe silalamikii sana, ingawa pale Igawa abiria walishuka kunywa chai, nami nikafunikwa turubai. Nilipopiga kelele kwamba nina njaa, utingo alinipa viazi viwili. Dereva wenu ni mtu mwaminifu, akaandika pembeni mwa karatasi: "Mzigo unakula."

3. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyoniangamiza. Karani wenu wa Iringa, Bwana Liberatus, aliyasoma mara tatu. "Mzigo hauli," akasema. "Kinachokula ni mfugo." Nikamwambia mimi ni mtu. Akanijibu kwa upole kabisa, "Hilo nakubali, Bwana. Lakini sina fomu ya kubadili mzigo kuwa mtu. Ninayo ya kubadili mzigo kuwa mfugo." Akaijaza. Alianza kuandika mbuzi, akatazama ratili zangu, akafuta, akaandika ng'ombe. Naomba ieleweke kwamba kila alichofanya kilikuwa sahihi kwa karatasi iliyokuwa mbele yake.

4. Ng'ombe mgeni, nikaambiwa, hukaa karantini siku kumi na nne. Bwana Tadeo wa mifugo alinifungua kinywa, akasema sina ugonjwa ila nina maneno mengi. Nilipitishwa katika josho, lile shimo la maji ya dawa ya kupe, mara mbili, mwezi wa Juni, katika baridi ya Iringa. Ng'ombe wenzangu walikuwa wakaidi, lakini mimi niliingia mwenyewe ili yaishe upesi, na kwa ajili hiyo Bwana Tadeo aliandika kwamba nimefugwa vizuri.

5. Nilifikishwa kwa Mzee Danieli asubuhi ya harusi yenyewe. Lazima ujue kwamba wajomba zangu walikuwa wamekwisha toa ng'ombe watano wa mahari, na wa sita tuliahidi baada ya mavuno. Mzee alinisalimu, "Kamwene," maana ni mtu wa heshima, kisha akasoma karatasi mpaka kwenye muhuri. "Mkwe," akasema, "nakuona vizuri kwamba ni wewe. Lakini muhuri nao nauona. Mahari imetimia." Akanifungulia zizi.

6. Kanisani watu walikuwa wamejaa. Padri alipouliza bwana arusi yuko wapi, Mzee Danieli alisimama akajibu, "Yuko zizini. Tumeshampokea." Nasikia watu walicheka sana. Tekla hakucheka. Alitoka na gauni lake jeupe, akapita kwenye vumbi mpaka zizini, akanikuta nimeshika mti wa uzio, nikiona aibu kumtazama.

"Isakwisa, toka."

Nikamwambia sina karatasi ya kutokea.

"Sikukuuliza karatasi," akasema, akavuta komeo mwenyewe. Padri naye alipoelezwa habari za fomu, alijibu kwamba yeye huandika anachokiona, akaandika: mwanamume.

7. Basi nimeoa, Bwana Meneja, lakini siwezi kuondoka. Mkwe wangu anasema, bila hasira yoyote, kwamba nikienda Mbeya mahari itapungua, na mahari ikipungua ndoa italegea. Kwa hiyo naweza kuondoka, au kuwa na mke, ila si vyote viwili. Huko Mbeya mteja wangu Mama Paskalina analala chini akingoja kitanda chake. Na juzi Jumapili jirani alikuja kuniazima nikavute plau shambani kwake.

Kwa hayo yote naomba mambo mawili. Bwana Jailos asifukuzwe, kwa kuwa ana bidii. Ila kila anapobadili kitu, aangalie kwanza kama kuna njia ya kukirudisha kilivyokuwa. Tena kampuni impe mkwe wangu ng'ombe wa sita, wa kweli, mwenye pembe. Kama hapatikani, mnaweza kumbadili Bwana Jailos mwenyewe. Nilimtazama vizuri siku ile, na nadhani ratili zinatosha.

Nisalimie makarani wote, madereva, utingo aliyenipa viazi, na fundi wenu Sedekia. Tekla naye anawasalimu, ingawa si kwa maneno ninayoweza kuyaandika hapa.

Ni mimi, kwa unyenyekevu na kwa miguu miwili,

Isakwisa Mwandemele

Nyongeza: Barua ilikuwa imekwisha bandikwa stempu tarishi wa jumbe alipopita, akiandika majina ya watu wote wenye nguvu waende kuchimba matuta mlimani, kuanzia Jumatatu hadi mwisho wa Agosti. Nilimwonyesha karatasi yenu. Akaisoma, akautazama muhuri, akanipita bila kuniandika. Kwa hiyo tafadhali usishughulikie neno lolote la hapo juu kabla ya Septemba. Mzee Danieli, ambaye jina lake limeandikwa la kwanza katika orodha ya tarishi, anauliza kwa heshima kama Bwana Liberatus amebakiza fomu moja. Hata ya mbuzi itamfaa.