Kanda Yangu na Masikio ya Daktari

Jumamosi, 4 Januari

Leo nimesikia jambo redioni nikajichoma sindano. Nilikuwa kwenye sketi ya saba ya sare. Msimu wa sare ndio huu, na mtaa mzima unajua sketi isiyofumuka inatoka kwenye cherehani gani. Mtaalamu mmoja mwenye sauti nzito anasema muziki anaousikia mtu tangu miaka kumi na mbili mpaka kama kumi na sita ndio unaomkaa moyoni hadi uzeeni. Baada ya hapo masikio yanaganda kama saruji. (Saruji nimeongeza mimi. Yeye alieleza kwa maneno marefu.)

Nikahesabu vidole. Binti yangu mkubwa ana kumi na nne! Huyu nyumbani tunamwita Daktari, kwa sababu ndiko anakoelekea, ingawa alama zake za Kemia bado hazijapata habari. Jumatatu ya tarehe kumi na tatu anakwenda shule ya bweni. Siku tisa tu. Nisipomtia muziki wa maana sasa, atazeeka na makelele ya msusi.

Msusi ni yule wa saluni ng'ambo ya barabara. Dirisha lake na dirisha la cherehani yangu yanatazamana kama wakwe waliogombana. Ana spika ndefu kuliko mume wangu. Kutwa nzima du, du, du. Maneno hayana, magitaa hayana.

Mimi muziki wangu ninao. Kanda moja. Niliirekodi mwenyewe nikiwa na umri wa Daktari. Jirani aliweka redio dirishani kwake, nami nikaweka redio kaseti yetu dirishani kwetu, nikabana pumzi. Wimbo wa tatu ndio wenyewe: bendi kamili, magitaa matatu, tarumbeta inalia kama mtu aliyeachwa. Na katikati, gitaa linapopanda, anasikika mama yangu kutoka uani: "Wee! Funga maji! Ndoo imejaa!" Hakujua narekodi. Miaka thelathini sasa. Nikiusikia wimbo huo kwingine bila ndoo, naona umekosa chumvi.

Nataka kitu kimoja tu. Siku moja mimi nisipokuwepo, Daktari alisikie gitaa lile popote atakapokuwa, asimame aseme: huyo ni mama yangu. Si kikubwa hicho.

Jumapili, 5 Januari

Mpango umeanza. Nimemketisha Daktari kwenye stuli ashone vifungo, kanda mezani. Raundi ya kwanza alivumilia. Ya pili akavuta pumzi. Ya tatu akauliza kwa adabu, Mama, huu si ndio ule tuliomaliza sasa hivi? Nikamwambia huu ni mwingine, masikio yake bado machanga.

Msusi akasikia. Akapandisha spika. Nikapandisha. Akapandisha tena. Kitufe changu kikafika mwisho, nikabaki nakibinya kwa hasira tu.

Halafu nikaona mguu wa Daktari unapiga sakafu. Moyo wangu ukacheka! Siku moja tu na damu imeitika! Nikatazama vizuri. Mguu ulikuwa unafuata du, du, du.

Nikaukanyaga kidogo. Kwa mapenzi.

Jumanne, 7 Januari

Balaa. Redio kaseti imetafuna kanda. Utepe mzima nje, umejikunja kama utumbo wa kuku. Sikulia, niliita kila mtu aje aone. Baba yao akaja, akatazama, akasema basi tununue redio mpya ya habari. Nikamtoa chumbani.

Nimeutoa utepe kwa sindano ya darizi, nimeurudisha kwa penseli, saa nzima, ulimi nje. Hakuna mwanamke mwingine mtaani angeweza. Wimbo umepona ila gitaa sasa linatetemeka kama lina homa. Kitinda, mdogo wake Daktari, eti limekuwa zuri zaidi. Nikamkazia macho.

Nimepeleka kanda kwa fundi redio. Amesema atanihamishia kwenye memori kadi, kitu kidogo kama ukucha. Nimemwonya: ni roho yangu hiyo.

Jumatano, 8 Januari

Fundi amekuja mwenyewe, uso unang'aa kama bwana harusi. Ameisafisha, anasema. Tukakaa. Wimbo ukaanza, safi, kama umeoga. Gitaa likapanda. Nikafungua mdomo nipokee ndoo.

Kimya! Gitaa tupu!

Nikamuuliza mama yangu yuko wapi. Akageuka kutazama mlangoni. Nikamwambia, yule anayesema ndoo imejaa! Aa, lile kelele, akasema, hilo nimeliondoa, kazi ya siku nzima ile, nimekupa kama zawadi.

Nilisimama. Nikamweleza, kwa upole uliosikika hadi saluni, kwamba ameua wimbo. Maskini akauliza, kwa hiyo mama unataka uchafu urudi? Nikamwambia uchafu huo ndio ulionizaa, mwanangu, na uuheshimu.

Alasiri ameurudisha. Ndoo imejaa tena. Nimelala kidogo kwa furaha.

Alhamisi, 9 Januari

Mama yangu amekuja kumuaga mjukuu. Nikaona bahati hii, nimpigie kanda asikie alivyo ndani ya sanaa. Alisikiliza vizuri, kichwa kinayumba. Ilipofika ndoo akakunja uso. Ni nani huyo mwanamke asiye na adabu, akauliza, anawafokea watu kwenye muziki wao?

Nikamwambia ni wewe, Mama. Yeye? Yeye hajawahi kupaza sauti tangu azaliwe! Alilisema hilo kwa sauti ambayo ilimtoa msusi nje na kitana mkononi.

Nimecheka mpaka mbavu zimeuma. Mtu haijui sauti yake! Uzee huo jamani.

Akanikumbusha kwamba yeye alinilea kwenye kwaya. Kweli. Kila asubuhi kwa miaka mitatu alinisimamisha jikoni niimbe naye kabla ya uji. Leo nimejaribu kukumbuka mstari mmoja. Sina. Hata nusu. Na nyimbo za redio ya jirani, ambazo hakuna aliyenilazimisha, ninazo zote hadi kikohozi cha mtangazaji.

Sababu ni wazi: mama hakuwa na mpango. Mimi nina mpango.

Jioni kabla ya taa nikamkuta Daktari dirishani, mkono nje, ameshika simu yangu, hajitikisi. Nikauliza. Anatafuta mtandao, anasema, aangalie orodha ya vitu vya shule. Bidii ya mtoto huyu! Sasa mtandao utakuja vipi na du, du, du inapita pale pale? Nikafungua dirisha la pili nikamwomba msusi kistaarabu: "Punguzeni makelele! Hapa pana watu wanasoma!" Hakuna aliyekuwa anasoma, lakini utaratibu ni utaratibu. Nikarudi kwenye cherehani nikaikanyaga kwa nguvu ili ujumbe ufike.

Daktari alishtuka nusura aangushe simu. Kisha akaangalia kioo cha simu akacheka peke yake. Cheko tamu, la mtu aliyepata kitu. Nikajua tu. Wimbo wangu umeanza kuota mizizi.

Jumamosi, 11 Januari

Siku mbili zimebaki. Nikapiga moyo konde nikavuka barabara. Nimemshonea msusi aproni, mfuko mbele, pindo mara mbili, kitu cha kuvaliwa na waziri. Nikamwambia, dada yangu, hii ni yako, nami naomba saa moja tu ya spika yako. Daktari atakuwa dirishani kwetu, atapokea kutoka upande ule anaoupenda. Adui atabeba mzigo wangu! Akili hii ningesomeshwa zaidi sijui ningekuwa wapi.

Msusi akaizungusha aproni, akakubali. Akaniita Mama Daktari, na pua juu kidogo, nikaiacha ipite.

Wimbo ukaingia kwenye spika ile. Jamani! Tarumbeta ilitikisa vioo. Wateja wakaanza kuyumba mabega. Mmoja chini ya kikaushio cha nywele akasema mamake aliupenda huu. Nikamwona Daktari dirishani. Nikampungia mkono. Akanipungia.

Gitaa likapanda.

"WEE! FUNGA MAJI! NDOO IMEJAA!"

Mteja aliyekuwa kwenye sinki akainuka na povu zima, akamgonga msusi kidevu. Msusi akarukia bomba. Mwenye kikaushio akanyanyua miguu asilowe. Mwingine alishafika barabarani na rola ishirini kichwani, anauliza mafuriko yako wapi. Nikajaribu kueleza kwamba ndoo yenyewe ilijaa miaka thelathini iliyopita. Hakuna aliyetaka historia.

Nimerudishiwa aproni. Ina povu.

Daktari alikuwa ameegemea dirisha, machozi yanamtoka kwa kucheka. Nikamwambia, umeupenda, sivyo? Akasema sana, Mama. Huo hapo! Ushahidi!

Jumatatu, 13 Januari

Ameondoka. Sketi nne, hakuna itakayofumuka. Kwenye sanduku nimemtilia redio ndogo wanayoruhusiwa kuisikiliza Jumamosi, na memori kadi yenye wimbo wetu mara kumi na mbili, ili akimaliza aanze. Nikamshika mabega nikamwambia asikilize kila wiki, kabla masikio hayajaganda. Akasema ndiyo, Mama. Akanikumbatia muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akapanda basi huku anaimba kwa pua. Du, du.

Nimelia. Kondakta akauliza kama nimesahau kitu.

Nyumbani nimekaa kwenye cherehani. Saluni Jumatatu haifunguliwi. Sikujua barabara hii ni pana hivi.

Jumapili, 2 Februari

Barua ya Daktari! Mwandiko mzuri, haueleweki, wa kidaktari kabisa. Nimeisomea majirani watatu.

Anasema ni mzima. Anasema wimbo wangu ameusikiliza, na matroni aliposikia ndoo alikimbilia bafuni na ufagio. Halafu anaomba nikija siku ya kutembelea wanafunzi, wiki ijayo, nimletee memori kadi nyingine, iko kwenye kopo la vifungo. Nanukuu: "Ni ule wimbo wa saluni, Mama, usikasirike. Hapa bwenini wenzangu wanao, lakini wa kwao naona umekosa kitu. Sijisikii niko nyumbani. Niletee ule ule wangu, usibadilishe chochote."

Wimbo wa saluni! Nimeikunja barua, nimeikunjua. Lakini mama ni mama. Nimeitafuta kadi, Kitinda akaiweka kwenye simu.

Du, du, du, kwa mbali. Kumbe ule mtandao wa dirishani ndio huu! Kisha ghafla mwanamke mmoja anafoka, sauti kama bati linalokokotwa: "Punguzeni makelele! Hapa pana watu wanasoma!" Na baada ya hapo mashine fulani inagongagonga mpaka mwisho.

Masikini mwanangu. Nikauliza nani huyo mwanamke asiye na adabu aliyemharibia mtoto wimbo wake? Kitinda akateleza kwenye stuli kwa kucheka. Akasema, Mama, si wewe huyo!

Mimi? Mimi sijawahi kupaza sauti tangu nizaliwe. Nimemwambia hivyo mara mbili, msusi akachungulia.

Jumatano, 5 Februari

Nimetoka kwa fundi redio. Nimemkabidhi kadi nikamwambia aisafishe, yule mwanamke aondoke, na ile mashine pia. Nataka nimshtukize Daktari kwa wimbo safi kuliko wa bweni zima.

Fundi akasikiliza. Akanitazama. Akasikiliza tena. Akauliza nina uhakika. Akauliza mara ya pili. Ya tatu akasema, lakini mama, mwezi uliopita tu ulinigombeza kwa ajili ya ndoo. Nikamjibu hayo ni mambo mawili tofauti kabisa: ile ndoo ilikuwa ni sehemu ya wimbo, hii ni kelele. Fundi redio na hajui tofauti!

Ameisafisha, lakini mbishi huyu. Na ule wa zamani ameubakiza humo humo, chini yake, eti binti atachagua mwenyewe. Uvivu tu wa kufuta. Si neno. Namjua mwanangu, atachagua ulio safi.

Nimeonja ule safi, kuhakikisha kazi. Ni mzuri. Sijui kwa nini nimeuzima katikati.

Kitinda anatimiza kumi na mbili mwezi ujao. Makosa ya kwa Daktari nimeyaona: nilichelewa, na sauti ilikuwa ndogo. Nimeagiza spika. Leo mchana alikuwa dirishani, mkono nje, na simu yangu. Anatafuta mtandao, anasema. Nikafungua dirisha la pili nikawaambia saluni kistaarabu wanyamaze, mtoto apate mtandao.